Mtu wa Kijijini Kwetu

Jumapili, 6 Oktoba 2024. Newala

Misa ya kwanza. Kanoni Amon alihubiri dakika arobaini bila karatasi. Mtu akihubiri bila karatasi husema na asiyoyakusudia.

Baada ya Misa alinifuata mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia kwamba dada yangu Winfrida amelazwa hospitali ya Mkomaindo, Masasi, tangu Alhamisi. Figo. Madaktari wanasema ni suala la siku. Saba, pengine kumi.

Tangu Alhamisi! Nami naambiwa Jumapili, na padri, mbele ya kina mama wauza ming'oko, mizizi yetu ya porini.

Nimetumikia nchi yangu miaka thelathini na mitatu, katika vituo vitano vya ng'ambo. Nimepata kujua vifo vya wakuu wa nchi kabla redio hazijatangaza. Habari ya dada yangu wa tumbo moja imenifikia baada ya kuzunguka parokia nzima.

Ninataka jambo moja tu kabla hajaondoka. Nimwamkie, aitikie. Basi.

Ni miaka kumi na minne hajaitikia shikamoo yangu. Hanitukani. Hanifukuzi. Hugeuza uso pembeni tu, kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa kwa jirani. Ilianza mwaka ule mwanawe wa kwanza, Dastani, alipofia gerezani katika nchi ileile nilikokuwa nikiiwakilisha nchi yetu. Alizikwa hukohuko, katika makaburi ya gereza, chini ya namba. Mimi ndiye mjomba wake. Kwetu huku mjomba ndiye humsemea mpwawe: posa, kesi, kaburi. Baba hukaa pembeni.

Nimesali. Kesho Masasi.


Jumatatu, 7 Oktoba 2024. Masasi

Saa mbili za vumbi jekundu. Gari la Anderson, dereva ninayemkodi. Mtu mzuri, lakini huimba.

Wodi ya wanawake, kitanda cha tano. Dada amekuwa mdogo. Mikono imevimba, uso umekwisha. Erasto, mwanawe wa pili, alikuwa amekaa miguuni pake amevaa ndala. Ndala! Kuja hospitali, mbele ya watu, amevaa ndala. Akainuka, akaniamkia kwa heshima yote. Nikamwitikia. Nikasogea kitandani.

— Shikamoo, dada.

Akautazama ukuta.

Nikarudia, sauti juu kidogo, nikidhani pengine masikio. Ndipo mgonjwa wa kitanda cha jirani, mama mmoja wa Kiyao mwenye mguu uliofungwa bandeji, jina lake Mwanakombo, akauliza mimi ni nani. Nikamjibu: Balozi Nikolao.

— Balozi wa nyumba kumi, au wa nchi?

— Wa nchi, mama. Mstaafu.

— Ala! Sisi na nyinyi watani, baba, usinikasirikie. Mbona balozi mzima umesimama hapo kama mtu aliyekuja kudai godoro lake?

Wodi nzima ilicheka. Hata Erasto, akafunika mdomo. Dada hakucheka. Hakugeuka.

Muuguzi Elineema, binti wa Same, aliingia kubadilisha dripu. Akamwita dada kwa jina wanalomwita wote: Mama Dastani. Mama Dastani, nyoosha mkono. Mama Dastani, pole, tumalizie. Nilisimama pale robo saa nikalisikia jina hilo mara sita. Hakuna aliyelitamka kwa ubaya. Ndilo jina lake.

Nimelala kwa Kanoni mmoja mstaafu, rafiki wa shule tangu Chidya. Wali, samaki, maneno machache.


Jumanne, 8 Oktoba 2024. Newala

Nimerudi nyumbani kuchukua jalada.

Nimefikiri hivi. Dada yangu ana hasira kwa sababu anaamini sikufanya lolote. Hana nyaraka. Mtu asiye na nyaraka hubaki na dhana. Nitamletea nakala ya waraka wangu wa tarehe 14 Novemba 2006, niliowaandikia makao makuu wiki tatu baada ya Dastani kukamatwa. Umeandikwa Kiingereza, na aya ya kwanza ni aya nzuri. Inaeleza masikitiko. Inaeleza heshima yangu kwa sheria za nchi mwenyeji. Nitamfasiria mwenyewe kwa Chimakonde, kwa utulivu, sehemu kwa sehemu. Kazi ya kufasiri nimeifanya mbele ya watu wakubwa kuliko Mwanakombo.

Aya ya pili ni fupi. Nitaipitia kwa uangalifu.

Nimeomba toba leo, kwa jumla.


Jumatano, 9 Oktoba 2024. Masasi

Niandike kama ilivyokuwa, bila kupamba.

Nilifika saa nne. Pamoja na Erasto alikuwapo Dina, binti wa Dastani. Alikuwa na miaka minane baba yake alipokamatwa. Sasa ni mwalimu wa sekondari. Shikamoo babu, akasema. Ana kipaji cha uso cha baba yake, na namna ileile ya kusubiri umalize.

Nikakaa. Nikafungua jalada magotini. Nikamwambia dada, kwa Chimakonde, kwamba nimeleta maandishi ya wakati ule ili aelewe mikono yangu ilivyokuwa imefungwa. Nikaanza. Hapa naeleza huzuni yangu. Hapa naeleza kwamba mahakama ya kule ni huru. Hapa naeleza kwamba utaratibu una mipaka yake —

— Babu, samahani. Hapo kwenye aya ya pili umeruka.

Sikujua Dina anafundisha Kiingereza. Sikuwahi kuuliza anafundisha nini.

Akanyoosha mkono. Mbele ya wodi nzima ningefanyaje, nimnyime? Nikampa. Alisimama kama walivyozoea walimu, akasoma kwanza Kiingereza, kisha Kiswahili, sentensi moja moja, polepole, kama anawasomea kidato cha kwanza:

«Napenda kuthibitisha kwamba mtuhumiwa si jamaa yangu wa karibu. Ni mtu wa kijijini kwetu, ninayemfahamu kwa mbali. Kwa hiyo hakuna sababu ya mimi kufika mahakamani kumwombea.»

Nchi ile ilikuwa na desturi: kabla ya hukumu, jamaa wa karibu huruhusiwa kusimama mbele ya hakimu na kuomba huruma. Makao makuu waliniuliza kwa faksi kama kijana ni jamaa yangu, wanipe ruhusa niende. Hilo ndilo nililojibu.

Nikajieleza. Nikasema fomu ya watumishi inatambua jamaa wa karibu kuwa mke, watoto na wazazi. Mpwa hayumo. Nilijibu kilichoulizwa. Nikasema hayo kwa Kiswahili, kisha kwa Chimakonde, na katika Chimakonde hayakutoka sawasawa. Hakuna namna ya kusema kwa Chimakonde kwamba mtoto wa dada yako unamfahamu kwa mbali. Ulimi unakwama.

Sikusema kwamba Novemba ile jina langu lilikuwa mezani kwa uteuzi. Hakuna aliyeniuliza. Erasto alihesabu mwenyewe kwa sauti: barua Novemba, na wewe mjomba ukawa balozi Desemba. Dina akamwambia: baba mdogo, acha.

Tena Desemba ile dada alinipigia simu kutoka posta ya Masasi kunipa hongera. Nilimwambia nimefanya yote yaliyo katika uwezo wangu kwa ajili ya Dastani. Alinishukuru. Akaniambia anafunga kila Ijumaa, si kwa ajili ya Dastani tu, bali kwa ajili yangu, Mungu anitie nguvu ya kumsemea. Alifunga hivyo hadi mwaka 2010.

Mwanakombo, ambaye mdomo wake hauna breki, aligeukia upande wa pili akajifunika kanga.

Ndipo dada akanitazama. Mara ya kwanza katika miaka kumi na minne. Macho makavu. Akazungumza, si na mimi, na Erasto:

— Mpe mgeni kiti kizuri. Mtu wa kijijini ametoka mbali kuja kutuona. Muulize kama atakunywa chai.

Erasto akaniuliza kama nitakunywa chai.

Nikasema ndiyo, ahsante. Sukari kidogo. Mungu wangu — nilisema hivyo. Nikainywa yote.


Alhamisi, 10 Oktoba 2024. Masasi

Erasto alinijia asubuhi kwa yule Kanoni mstaafu, kwa bodaboda. Alikataa kukaa. Ametumwa, akasema, na maneno ameyakariri asije akayaharibu.

Mama anasema ataitikia shikamoo yako. Anasema hataki kwenda mbele ya Mungu akiwa na salamu ya mtu mdomoni. Lakini kwa sharti. Siku ya mazishi yake, wewe ndiye usome historia ya marehemu. Na ndani yake uisome ile aya ya pili. Yote, bila kuruka, Kiswahili na Chimakonde, mbele ya watu, useme aliyeiandika ni wewe na aliyeandikwa humo ni nani kwako. Ukikubali, njoo leo. Neno moja tu: ndiyo.

Nilimuuliza kama sharti hilo lina nafasi ya mazungumzo.

— Mjomba, sijui. Mimi nimeambiwa neno moja.

— Mwambie nimepokea ujumbe wake kwa uzito unaostahili. Nitautafakari.

Akauliza: mjomba, hilo ndilo jibu?

— Ndilo jibu la awali.

Akavaa kofia yake ya pikipiki. Kofia imepasuka. Aliniaga vizuri.

Niwe mkweli hapa, maana hapa hakuna asomaye. Mazishi yatakuwa Lisekese, nyumbani kwake. Watakuja watu wa Masasi na Newala yote. Mkuu wa wilaya atakuja, kwa sababu yangu. Askofu pengine. Kuna vijana wawili wa wizara ambao husema hadharani kwamba mimi ndiye niliyewafundisha kazi. Anachokiomba dada ni kwamba nijivue nguo mbele ya hao wote, kisha nirudi kuishi nao.

Na anachonipa ni neno moja. Marahaba.

Nakwenda Newala. Nahitaji meza yangu.


Ijumaa, 11 Oktoba 2024. Newala

Siku nzima mezani. Rasimu tatu.

Ya kwanza ilikuwa na aya ile kama ilivyo. Nilipoisoma kwa sauti, peke yangu, chumbani kwangu, sikufika mwisho. Nimeichoma.

Ya pili haikuitaja kabisa. Hiyo isingekuwa haki.

Ya tatu ndiyo nzuri. Inaeleza maisha ya marehemu kwa heshima: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, uimbaji wake katika kwaya. Kisha: «Familia ilipitia kipindi kigumu cha kumpoteza kijana wao Dastani ng'ambo, ambapo, kutokana na taratibu za wakati ule, ombi la huruma halikuwasilishwa, jambo ambalo wote walioguswa wanalisikitikia.» Wote walioguswa. Hapo na mimi nimo. Mtu mwenye nia njema ataniona.

Nimeipiga chapa, nikaambatanisha barua fupi ya kumwomba dada aipokee kama msingi wa makubaliano. Baada ya kuifunga bahasha nikakumbuka kwamba juu ya barua nimeweka kumbukumbu namba. Mazoea! Sikuifungua tena.

Anderson ataipeleka kesho alfajiri.


Jumamosi, 12 Oktoba 2024. Newala

Sikwenda na Anderson. Upande uliotoa pendekezo haupaswi kusimama mlangoni ukingoja. Hilo nimewafundisha vijana wengi.

Nilikaa barazani. Mikorosho ya jirani inaangusha korosho. Watoto wa shule walikuwa wanaokota, mama yao anawagombeza kwa Chimakonde cha zamani, cha bibi zetu. Nikasali mara mbili. Sikuweza kula.

Anderson alirudi saa tisa. Hakuimba. Alinipa bahasha ileile.

Dina ameisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kama daftari! Kwenye «halikuwasilishwa» amepiga mstari, na pembeni ameandika: Na nani? Kwenye «kijana wao»: Wa nani? Kwenye «wote walioguswa» ameweka duara tu. Chini kabisa, mwandiko mzuri: Bibi amesomewa. Anasema ahsante, haitahitajika. Wasifu wake atatuandikisha mwenyewe jioni hii.

Nilimuuliza Anderson hali ya mgonjwa. Anaongea kwa shida, akasema, lakini anaongea. Alikuwa anacheka na yule mama wa kitanda cha jirani.

Nimekaa na karatasi hii hadi saa kumi na moja. Na sasa nimeamua. Nitakwenda kusema ndiyo. Bila rasimu. Neno moja alilolitaka.

Anderson aliuliza twende sasa hivi, gari lina mafuta. Nikamwambia kesho, baada ya Misa ya pili. Kesho nimepangiwa somo.


Jumapili, 13 Oktoba 2024. Masasi

Nilisoma somo. Walinipongeza, kama kawaida, kwa matamshi.

Tulifika Mkomaindo saa nane mchana. Kitanda cha tano kilikuwa kimetandikwa shuka safi.

Elineema alinipa pole, akaniuliza kwa upole mimi ni nani wa marehemu. Kabla sijajibu, Mwanakombo akasema kutoka kitandani kwake: huyo ni mgeni wake.

Kisha akaniita. Nikasogea. Akasema, bila utani:

— Saa sita, baba. Alikuwa ametoa macho mlangoni. Usije ukadhani ni wewe. Alikuwa anamngoja Erasto na uji.

Saa sita nilikuwa mlangoni mwa kanisa, nashikana mikono na watu.


Jumatatu, 14 Oktoba 2024. Masasi

Msiba uko Lisekese. Nilikwenda. Wapwa wote walinisalimu. Nilipoomba kikao cha ukoo, mimi nikiwa mkubwa wa tumbo letu aliyebaki, Erasto aliniambia kikao kimekwishafanyika.

Kaburi linachimbwa. Hawakuniuliza wapi.


Jumanne, 15 Oktoba 2024. Lisekese

Naandika hapahapa uwanjani, kwenye kitabu cha mfukoni. Katika mikutano nilizoea kuandika wakati wengine wanasema, hutuliza uso.

Maturubai matatu. La kwanza, ndugu wa marehemu. La pili, viongozi na wachungaji. La tatu, wanakijiji. Maisha yangu yote nimepanga viti. Najua kiti kinasema nini. Mzee Mahmudu, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alinipokea njiani, shikamoo Balozi, pole sana Balozi, akanitangulia mwenyewe kwa adabu kubwa — akanipitisha mbele ya turubai la kwanza, akanipitisha mbele ya la pili. La tatu. Kiti cha plastiki, safu ya mbele. Akakifuta vumbi kwa leso yake.

Nikadhani amekosea. Nikamwambia kwa sauti ya chini. Akajibu, kwa sauti ya chini vilevile, kwamba ameelekezwa hivyo na familia, nimsamehe sana, yeye ni mtu wa kuelekezwa.

Mkuu wa wilaya ananiona kutoka turubai la pili. Ameinamisha kichwa kunisalimu. Sasa anamnong'oneza jirani yake.

Mfukoni nina karatasi mbili. Rasimu ya tatu. Na nakala ya waraka wenyewe, wa 14 Novemba. Nimeileta. Nataka iandikwe kwamba nimeileta.

Nyimbo. Jeneza limetolewa. Jeupe, dogo.

Mahmudu ametangaza historia ya marehemu. Nilikuwa nimeanza kuinuka, nadhani. Akasema itasomwa na mjukuu wake, Mwalimu Dina, kama marehemu alivyoandikisha mwenyewe Jumamosi jioni, siku moja kabla ya kufariki.

Nilikaa. Nilichohisi kwanza ni nafuu. Niliandike hilo pia: nafuu! Nikamshukuru Mungu moyoni, upesi, kwa mazoea.

Dina anasoma. Sauti yake inafika mpaka barabarani.

«Mimi Winfrida nilizaliwa Newala mwaka 1945. Nilikuwa mtoto wa kwanza na wa pekee wa mama yangu. Sikuwa na kaka.»

Mvumo umepita katika maturubai yote matatu. Nusu ya watu hawa wametuona tukikua. Kuna bibi kizee turubai la kwanza aliyetubeba sote wawili mgongoni, amejifunika uso. Mzee aliyekaa kushoto kwangu amenigeukia, kisha akatazama viatu vyake. Dina amesita, amesubiri wanyamaze, ameendelea. Kwaya. Ndoa. Dastani: «mwanangu wa kwanza, aliyehukumiwa ugenini bila mtu wa kumsemea, kwa sababu hakuwa na mjomba.»

Hakuna jina langu. Hakuna tusi. Hakuna la kupinga. Ni waraka mzuri. Ningeupitisha bila kubadilisha neno.

Amemaliza. Amekunja karatasi.

Kanoni Amon amesimama kichwani pa jeneza. Anauliza, kama wanavyouliza siku zote kabla ya kufunga: yupo ndugu wa marehemu mwenye neno?

Turubai la kwanza halijainua mkono. Erasto ananitazama. Si kwa hasira — anangoja tu. Dina naye. Kanoni amerudia swali, sasa ananitazama mimi, anajua, anarefusha kimya makusudi, seremala keshashika nyundo na Kanoni amemzuia kwa kiganja.

Nina karatasi mkononi. Hatua ishirini. Hata kumi na tano.

Watu wote wamenyamaza, wananitazama, na mimi naandika